Neno Juu ya Mlango

Kazi yangu ni kuchora nyumba kubwa za mashambani, zile zenye nguzo mbele na madirisha yaliyopangwa sawasawa kushoto na kulia. Si nyumba za kale. Ni mpya, zinajengwa sasa hivi, ila tunazichora kwa kanuni walizoacha Wagiriki na Warumi: nguzo iwe nene kiasi gani kwa urefu wake, dirisha la juu liwe fupi kiasi gani kuliko la chini, kivuli cha ukingo wa paa kiangukie wapi. Nikiwaambia watu wa kwetu haya, kwenye harusi huku Lewisham, mtaa wa London ninakoishi, hunitazama juu mpaka chini. "Wewe? Mtoto wa Mombasa? Unawajengea Wazungu majumba yao?" Bibi mmoja aliniuliza kwa huruma kabisa kama kazi ya hospitali nilikosa. Nikamwambia hospitali ipo hapo ng'ambo, aende yeye.

Nina hasira za karibu, sikatai. Lakini swali hilo limenichosha. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, nyumba ya ukuta mnene wa mawe na chokaa, mlango wake wa nakshi, na tangu utotoni najua kwamba nyumba ina uso na ina adabu zake. Nilipokuja London kusoma usanifu wa majengo walimu walitaka tuchore vioo. Nikachora vioo. Siku moja mvua ilinishika mjini nikakimbilia chini ya nguzo za kanisa moja la mawe meupe, na kwa vile sikuwa na la kufanya nikainua macho. Nguzo zile zilikuwa na tumbo. Wallahi, tumbo! Zimejaa kidogo katikati kisha zinakonda kwenda juu, polepole, mpaka usipoambiwa huoni, unaona tu kwamba zimesimama vizuri. Nikaanza kuipapasa moja, watu wananipita na miavuli yao wananiangalia. Nikasema basi, haya ndiyo ninayotaka kuyajua.

Bosi wangu ni Mwingereza mzee, mrefu, mpole mpaka anaudhi. Ofisi yetu ni vyumba vitatu juu ya duka la mapazia, na bado tunachora kwa mkono, penseli na karatasi kubwa, kisha ndiyo tunaingiza kwenye kompyuta. Alinifundisha mengi na sitamkosea shukrani. Ila kwa miaka mingi nilichora vyoo vya watu, stoo za watu na ngazi za nyuma. Uso wa nyumba alichora yeye.

Ndipo wakaja hawa wa Kenton, mtaa wa London wenye Wahindi wengi. Alikuja mume kwanza, Mhindi wa Kenya, mzee mfupi mwenye sweta, aliyeanza na duka dogo la vyakula mpaka akawa na maduka kadhaa. Alikuwa amenunua shamba huko Buckinghamshire, nje ya London, lenye nyumba ya zamani iliyoungua, na alikuwa na kibali cha kujenga nyingine mahali pake. Alitaka nguzo. Alimweleza bosi kwa Kiingereza chake cha biashara, taratibu, huku mimi nikiandika. Bosi akataja tu kwamba natoka Mombasa. Mzee yule aligeuza kiti chote.

"Wewe mtu ya Mombasa? Na unakaa kimya hapo? Mimi mtu ya Kisumu!"

Kuanzia hapo bosi hakusikia tena neno analolijua. Tulizungumza Kiswahili, yeye kile chake cha Kisumu, cha dukani na cha jikoni, kila kitu "iko" na kila kitu "ya", na mimi changu cha pwani. Alipoondoka, bosi alinisogezea karatasi tupu mezani. "Hii nyumba ni yako," akasema. "Kuanzia msingi mpaka dohani." Nilienda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi nikachonga penseli.

Wiki iliyofuata nikaenda Kenton kumwona mkewe. Nilipokelewa vizuri, chai ya tangawizi, na sahani ya mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu.

"Kula mogo," akaniambia.

"Muhogo, mama."

"Mogo."

"Mama, mimi ni Mswahili. Ni muhogo."

"Kama iko muhogo, rudisha," akasema, na mkono wake tayari umeshika sahani. Nikala mogo. Nilimpenda papo hapo, mama yule, mwembamba, sari yake ya pamba na soksi za sufu, macho makali ya mtu aliyekaa nyuma ya kaunta maisha yake yote.

Nikatandaza michoro. Aliitazama kwa adabu, akaipitishia kidole, akaniambia, "Mzuri. Lakini mimi siendi."

Mume akacheka. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Mzee alinisindikiza mpaka mlangoni, akavuta mlango nyuma yake. Kumbe wamegombana juu ya jambo hilo tangu siku ya kwanza. Yeye tangu kijana ndoto yake ni nyumba yenye miti mbele. Mkewe anasema hatoki Kenton. "Lakini hasemi hapana kabisa," akaniambia. "Nikimuuliza, Utahama?, anasema, Bado. Basi najenga. Nyumba ikiisha, pengine atasema ndiyo. Akikataa, nauza. Mimi nikae peke yangu na nguzo nne, nifanye nini?"

Nilirudi kwa treni moyo mzito. Yule mzee alikuwa na mke wa kumshawishi, na mimi nilikuwa na nyumba yangu ya kwanza, na mambo yote mawili yalining'inia kwenye mdomo wa mama mmoja wa Kenton. Kama angekataa, mzee angebaki na huzuni yake, na uso wangu wa nyumba ungeuzwa kwa mtu nisiyemjua, ambaye pengine angeubandika mlango wa plastiki. Nisamehewe, lakini hilo la mlango wa plastiki ndilo lililoninyima raha zaidi.

Kwa hiyo nikaamua kumfuata yeye, mama. Nikauliza chumba cha kusalia kikae wapi. Akasema kona ya kaskazini mashariki, ndivyo inavyotakiwa kwao Wahindu. Kona hiyo katika mchoro wangu ilikuwa na ngazi. Nikaihamisha ngazi. Ngazi ilipohama, dirisha likahama, na dirisha likihama kwenye nyumba ya aina hii ni balaa, kwa sababu la upande wa pili nalo lazima liende, na nguzo zinaanza kuuliza maswali. Nilifuta, nikachora, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Mwisho nikatoa vibanda viwili vidogo, kimoja kila upande wa nyumba: kimoja cha kusalia, kimoja cha kukaa kusoma gazeti, vinafanana mlango kwa dirisha. Bosi aliuangalia mchoro ule muda mrefu, akasema sasa nyumba imepata mabega. Nilifurahi siku nzima.

Nikampelekea mama. "Mzuri," akasema. Akautazama tena, mara hii kwa makini, akagusa kile kibanda cha kusalia.

"Mama, utahama?"

"Bado."

Ikawa ndiyo salamu yetu. Nampelekea jiko lenye dirisha la jua la asubuhi: bado. Nampelekea rangi za kuta: bado. Mimi, mwenye hasira zangu hizi, nikajikuta nacheka kila mara njiani kurudi, halafu nikifika nyumbani nakumbuka kwamba si jambo la kuchekesha, kuta zinapanda na mzee anazeeka.

Sasa juu ya mlango wa mbele, nyuma ya zile nguzo nne, niliweka jiwe moja refu jeupe. Mafundi wa kwetu wangeliita linta, maana ndilo linalobeba ukuta wote ulio juu ya mlango. Uso wake nikauacha mtupu, ili pachongwe maneno. Ndiyo desturi ya nyumba hizi: jina la ukoo, au dua, au mwaka. Mzee alitaka jina la ukoo. Kisha akasema hapana, mke wake achague, pengine akichagua neno ataipenda nyumba. Mke akaambiwa achague. Miezi ikapita.

Mchongaji wetu ni mama wa Kiingereza mwenye mikono mipana, anachonga herufi za Kirumi kwa patasi na nyundo ya mbao, na hana mfano. Tulikuwa na grupu kwenye simu, sisi wanne: bosi, mimi, mzee wa Kenton na yeye. Asubuhi moja akaandika pale kwa Kiingereza kwamba jukwaa la mafundi liko tayari, jiwe liko tayari, anaomba maneno ya kuchonga.

Mzee wa Kenton huandika kwa herufi kubwa kila siku, kwa sababu simu yake iliwahi kugeuka hivyo na hajui kuirudisha. Akajibu neno moja.

BADO

Niliusoma ujumbe ule nikiwa stesheni ya Lewisham nasubiri treni. Nikaelewa. Mama bado hajachagua. Nikatia simu mfukoni nikapanda treni yangu. Haikunipitia akilini hata chembe kwamba katika watu wanne wa grupu ile wawili hawajui Kiswahili.

Picha ilifika siku ya Ijumaa, mchana, mimi na bosi tunakula mikate yetu ofisini. Mchongaji aliandika kwamba amemaliza, na kwamba kwa miaka yake yote hajawahi kupewa neno linalokaa vizuri hivi kwenye jiwe. Nikafungua picha. Nguzo zangu nne, zimesimama vizuri kabisa na matumbo yao. Katikati, mlango. Juu ya mlango, kwa herufi za Kirumi za kupendeza, zimeingia ndani ya jiwe kiasi cha kuweka ncha ya kidole, kivuli kimejaa humo: BADO.

"Mtume!" nikapiga kelele.

Bosi akaacha mkate. "Amekosea herufi?"

"Hajakosea hata moja!"

Nikamweleza. Ilichukua muda, maana neno hili kwa Kiingereza halitafsiriki kwa mkupuo: si hapana, si ndiyo, ni kwamba jambo halijawa lakini mlango wake hujaufunga. Yeye alidhani ni jina la kijiji chao. Alisema hata alimpigia mchongaji simu kumwambia apanue nafasi kati ya herufi. Kisha yule mzee mpole, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akaanza kucheka mpaka akavua miwani. Nilitamani nimtupie rula.

Kucheka kwake kulikatwa na simu. Mzee wa Kenton.

"Dada, umeona picha?"

"Nimeona, mzee."

"Ni mimi nimefanya?"

"Ni simu yako, mzee."

Nikamsikia anahema. "Jumapili anakuja," akasema. "Amekubali kuja kuangalia. Mara ya kwanza! Ataona nimeandika neno yake juu ya mlango, kwa jiwe, watu wote wasome. Atasema namcheka. Dada, huyu akikasirika, kwisha. Hatarudi huko tena. Toa hiyo kitu."

Haikutoka. Lile jiwe lilibeba ukuta. Kulitoa ni kubomoa uso wa nyumba. Kuziba herufi kwa chokaa kungewezekana, ila mvua ya kwanza ingelowesha mahali pale na neno lingejitokeza tena kama doa la chai. Tukakubaliana kwamba Jumapili tutalifunika kwa kitambaa kile cha kukingia vumbi, tumtembeze mama nyuma, jikoni na bustanini, mengine tuyatazame Jumatatu.

Jumapili tulikuwa pale mapema, bosi, mchongaji na mimi. Mchongaji alikuwa karibu kulia. Nilimwambia kosa si lake, na nilimaanisha. Gari la Kenton likafika. Mama akashuka, koti juu ya sari, akasimama kwenye kokoto akaitazama nyumba. Nilisahau mambo yote. Niliuangalia uso wake tu. Aliziangalia nguzo moja baada ya nyingine, akaangalia vile vibanda viwili, akatingisha kichwa chake pembeni kwa namna ya Wahindi, na nikajua imempendeza.

"Twende nyuma, mama, tukaone jiko," nikasema haraka.

"Hiyo nguo ya nini?"

"Ni vumbi," mumewe akasema.

"Nyumba yote haina vumbi, ni hapo tu?" Akamgeukia mchongaji, akamwonyesha kwa kidole. "Toa."

Mchongaji hajui Kiswahili, lakini kidole kile kingeeleweka popote. Akapanda ngazi, akavuta kitambaa.

Mama akasoma. Midomo yake ilisogea, taratibu, herufi kwa herufi. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia viatu vyake.

"Mama, samahani sana," nikaanza, "hakuna aliyetaka kukukejeli, ilikuwa ni simu, mzee alikuwa anasema kwamba..."

"Ngoja kwanza," akaniambia. Akaenda akakaa kwenye ngazi ya mbele, kati ya nguzo mbili, akavuta koti lake vizuri. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anafikiri, na tulisimama mbele yake kama tumeitwa ofisini.

"Baba yangu alijenga nyumba Kisumu," akasema mwisho. "Mimi utoto yote naona fundi. Leo dirisha, kesho simenti, chumba moja haina plasta, tunacheza ndani yake. Mzuri sana. Halafu siku moja imekwisha. Fundi ya rangi ametoa ndoo yake, baba ametusimamisha nje, sisi wote, anasema, angalia, nyumba imekwisha. Rangi haijakauka vizuri, tukapanda ndege. Wakati ile Wahindi wengi wanaondoka Kenya, na sisi tukaondoka." Akafuta kitu kwenye goti ambacho hakikuwepo. "Tangu siku hiyo mimi sitaki nyumba inayokwisha. Inakwisha, watu wanatoka. Kenton ile chumba ya juu, haina rangi mpaka leo. Huyu anafikiri mimi mchoyo."

Mzee aliinua kichwa. "Miaka yote hii," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe unauliza, utahama lini, utahama lini. Hujauliza naogopa nini."

Nilimwangalia bosi, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi kama yangu.

Mama akasimama. Akarudi nyuma hatua chache kwenye kokoto apate kuliona tena lile jiwe. "Binti," akaniita. "Hapo imeandikwa bado."

"Imeandikwa, mama."

"Kwa jiwe."

"Kwa jiwe."

"Mvua itatoa?"

"Haitatoa, mama. Itakaa hapo mpaka wajukuu wa wajukuu."

"Basi hii haitakwisha," akasema, kama mtu anayefunga hesabu ya siku, na akapanda ngazi, akavua viatu vyake kwenye kizingiti, akapita chini ya lile neno akaingia ndani. Tukasikia soksi zake zinateleza kwenye sakafu ya mawe, kisha mlango wa ndani unafunguliwa, kisha mwingine. Mzee alibaki chini. Alitaka kumfuata na hakuthubutu. Mwisho akapaza sauti kupitia mlango ulio wazi, swali lile lile lake, na mimi nilifumba macho kwa sababu jibu lake nalijua.

"Utahama?"

Akajibu toka jikoni, kwa sauti kubwa, kama ameudhika kwamba bado anaulizwa.

"Nimeshahama!"